Ile Si Meza

Mtaa mzima wa Baba Dogo, kutoka steji ya matatu hadi kule viwanda vinakoanza kupiga kelele, hakuna mtu anayejua kuwawekea wageni mipaka kunishinda mimi. Na mipaka niliyoiweka kwa mkono wangu, mimi mwenyewe sijawahi kuivuka. Andika hiyo mahali.

Sheria zangu ni saba. Ziko kwenye kipande cha katoni nilichokibandika nyuma ya mlango wa chumba cha mgeni, kwa mwandiko uleule ulionifanya niwe naandikia darasa zima la Form Four barua za mapenzi. Viatu vinaachwa mlangoni. Mtungi wa bluu ni wa kuoga, wa njano ni wa kupikia, ukichanganya utakunywa sabuni na hatutakuombea. Mgeni wa mgeni analala kwao. Na ya saba niliipigia mistari miwili kwa sababu mimi ni mtu wa haki: mwenye nyumba haingii chumba cha mgeni bila kuitwa.

Hicho chumba kilikuwa changu, lazima ujue, ndiyo uelewe hasira yangu. Tuna vyumba viwili kwenye ploti yenye milango kumi na mmoja. Sasa Mama analala nyuma ya pazia katika chumba cha kupikia, mimi nalala kwenye kochi miguu ikining'inia kama nguo zilizosahauliwa kambani, na katika chumba changu, chenye mlango wake na dirisha lake la kuangalia koridoni, wanalala watu nisiowajua. Wiki moja, wiki mbili, wanaenda. Wengine wamekuja kwa interview, wengine kliniki. Mmoja alikuja kutafuta mke, akaondoka na homa ya matumbo.

Ndani ya chumba hicho kuna ngoma.

Ni ngoma ya kanisa letu, lile la kanzu nyeupe na bendera, ambalo kila Jumapili linakuamsha hata kama wewe ni wa kanisa lingine. Inafika magotini, ngozi juu, ngozi chini. Baba yangu, Mukhwana, ndiye aliyeitengeneza na ndiye aliyeitunza mpaka alipofariki miaka minne iliyopita. Baada ya mazishi, Dada Millicent wa kanisani alitaka ihamie kwake. Ana saluni, ana kabati la vioo, ana sauti. Mama alisimama mbele ya waumini wote akasema, "Mmeshamzika mume wangu. Hii niachieni." Wakamwachia.

Sasa, ngoma hiyo haipigwi ovyo. Jumapili inapigwa kanisani, basi. Ikisikika siku nyingine ikitokea nyumbani, maana yake ni moja tu: katika nyumba hiyo kuna maiti. Mnaacha mlichokuwa mkifanya, mnavaa kanzu, mnakuja.

Tulipoanza kukodisha, Mchungaji Wabwire alikuja kuangalia itakaa wapi. Mchungaji wetu ni fundi wa kuchomelea vyuma kulekule viwandani, hana maneno mengi, yaliyobaki yalichomwa na moto. Chumba cha kupikia alikikataa kwa sababu ya mvuke, ngozi italegea. Akasema ibaki kwa mgeni, kisha akatuangalia, Mama kwanza, mimi baadaye.

"Mgeni akiigusa kwa kutojua, tutamsamehe na ataenda zake. Lakini mtu wa nyumba hii akiichezea, hiyo nyumba haiwezi tena kuitunza. Ngoma itahama."

"Nimesikia," Mama akasema.

Alipoondoka, Mama akanigeukia. "Wesonga. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza. Iandike kabla ya viatu."

"Naandika, Mama."

Sikuandika. Usiniulize maswali kwa sauti hiyo. Wewe ungeandikaje? "Ndugu mgeni, karibu, pembeni kuna ngoma ya kutangazia vifo, lala salama"? Mteja gani huyo atakayekuja? Na isitoshe niliona aibu. Watu wanaweka picha za vyumba vyao mtandaoni, televisheni ukutani, taa za rangi. Mimi niweke ngoma ya ngozi ya ng'ombe? Kwa hiyo nikaifunika na kitambaa cha Mama cha maua ya kufuma, nikaweka juu yake chombo cha maua ya plastiki, nikapiga picha. Chini ya picha nikaandika: kitanda, kiti, meza ndogo.

Wageni tisa walipita salama. Wa kumi akawa Ngigi.

Ngigi alitoka Karatina kuja kujifunza kutengeneza cherehani za viwandani, wiki tatu. Huyo jamaa alinikasirisha kuanzia siku ya kwanza, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba hakuwa na kosa. Maji alichota ya bluu. Viatu aliviacha mlangoni, vimeelekea nje kama askari. Ndani alikuwa na makubazi yake ya manyoya, ya kijivu, laini, makubazi ambayo mtu wa Karatina ananunua kwa sababu ya baridi na mtu wa Baba Dogo anayaangalia kwa sababu ya wivu. Na alikuwa ananiita landilodi, yaani mwenye nyumba, kwa tabasamu la kunitania.

"Niaje, landilodi."

"Poa."

"Landilodi, pazia nimelitoa, nimelifua. Lilikuwa na vumbi kidogo."

Lilikuwa na vumbi kidogo! Chumba changu! Pazia langu! Akalikunja, akaliweka juu ya kiti, na hakulirudisha, eti anapenda mwanga. Kwa hiyo dirisha likabaki wazi, na mbele ya hilo dirisha, hatua tatu tu, ndipo Shosh Waruguru, bibi wa ploti yetu, anapokaa na jiko lake akipika chapati za kuuza tangu mimi nikiwa na kamasi. Nilikasirika kwa niaba ya Ngigi. Mtu gani anakubali kulala mbele ya Shosh kama televisheni?

Siku ya nne nilipita dirishani nikaona thamosi. Thamosi kubwa nyekundu ya chai, imekaa juu ya ngoma ya baba yangu. Maua ya plastiki yalikuwa yamehamishiwa chini.

Nilibisha mlango. Nilibisha! Sheria ya saba.

"Ngigi, hiyo thamosi itoe hapo."

"Hapo wapi?"

"Hapo kwa..." Nikakumbuka ile picha ya mtandaoni. "Kwa meza."

"Buda, meza ni ya nini kama si ya kuwekea thamosi?"

"Hiyo si ya kuwekea vitu."

"Ni ya kukalia?"

Na akaikalia. Haki ya Mungu, alikaa juu yake, akakunja nne, kubazi la manyoya likawa linanichezea mbele ya macho. Nilihisi kichwa kinachemka kama sufuria ya githeri.

"Toka hapo!"

"Landilodi, tulia. Nionyeshe tu sheria namba ngapi." Akageuka kuangalia ile katoni mlangoni, akasoma polepole kwa sauti, moja hadi saba, kama mtoto anayesomea wageni shairi. "Sioni meza."

Ningesema wakati huo. Neno moja tu: ngoma. Lakini nilikuwa nimeshasema meza kwenye picha, nimesema meza mdomoni, na mtu mwenyewe ananicheka. Nikamwambia, "Basi kunywa chai yako." Nikatoka. Usiku kucha kwenye kochi nilikuwa nabishana na yeye kichwani, na kichwani nilimshinda mara sita.

Alhamisi ikafika. Mama alikuwa soko la Muthurwa akiuza mboga zake tangu alfajiri, Ngigi kwa cherehani zake. Saa nane mchana nikapita dirishani. Thamosi iko palepale. Safari hii ilikuwa inavuja. Nikaona kitambaa cha Mama kimepata doa la kahawia, duara zima.

Sasa wewe niambie, kuna mipaka na kuna ngozi. Ngozi ikilowa inalegea, na ikilegea Mama atasikia Jumapili kwa pigo la kwanza, na atauliza. Nikachukua ufunguo wa akiba. Nikaangalia kulia, kushoto. Shosh alikuwa ameinama, anageuza chapati. Nikaingia.

Niliingia kwa hasira, na nitakuambia hasira ni mlevi, haikumbuki ilichofuata. Nimevua viatu mlangoni, maana sheria ni sheria, sakafu ni baridi, makubazi yako pale chini ya kitanda yananitazama. Nikayavaa. Dakika moja tu, nijue yanahisije. Yanahisi kama kukanyaga sungura. Nikajipulizia na manukato yake kidogo, shingoni, nikajiangalia kwenye kioo changu, kwenye ukuta wangu, nikasema, "Niaje, landilodi." Nikajijibu, "Toka kwangu, mjinga wewe."

Halafu nikashusha thamosi, nikafunua kitambaa. Chai ilikuwa imepita. Juu ya ngozi kulikuwa na duara la maji, na katikati ya lile duara ni mahali ambapo kiganja cha baba yangu kiliacha weusi wa miaka. Nikapangusa na shati langu. Nikapangusa tena. Nikataka kujua kama sauti imeharibika. Mti wa kupigia Mama anauficha sandukuni, kwa hiyo nikachukua kilichokuwa karibu, brashi ya viatu ya Ngigi, nikagonga ngozi kwa upande wake wa mbao. Moja.

Ilikuwa sawa. Ningeacha hapo.

Lakini mkono ulikuwa na hasira za siku nne, na mkono huo unajua pigo moja tu, lile ulilolisikia siku tatu mfululizo tulipomweka Baba nyumbani kabla ya mazishi. Moja, kimya. Moja, kimya. Tatu za haraka. Nilikuwa namsema Ngigi kwa kila pigo: pazia, kimya, thamosi, kimya, ma-ka-lio yako. Nikarudia. Nikarudia tena. Ilitoka sauti safi sana, hata machozi yakataka kunitoka.

Nilipoacha, ploti nzima ilikuwa kimya. Chapati peke yake ndiyo iliyosikika ikikaangwa.

Ndipo nikaelewa nilichofanya.

Nikafunika kitambaa, nikarudisha thamosi juu yake, ndiyo, niliirudisha, nikafunga mlango, nikakimbilia chumba cha kupikia, nikakaa kwenye kochi, nikashika gazeti la mwaka jana.

Hazikupita dakika kumi. Dada Millicent ndiye aliyetangulia, kanzu nyeupe imevaliwa juu ya aproni ya saluni, mteja wake nyuma amesukwa nusu kichwa. "Beldina! Beldina wetu ametutoka!" Beldina ni Mama. Nyuma yake wakaja akina mama wa kanisa, mmoja na bendera, mmoja na mtoto mgongoni, wote wanaimba ule wimbo wa kumsindikiza mtu. Mchungaji Wabwire akaingia mwisho, ameomba ruhusa kazini, miwani ya kuchomelea bado iko kwenye paji la uso.

"Maiti iko wapi?" akaniuliza.

"Maiti gani?"

"Wesonga, usinichezee. Nimeacha geti la watu halijashikana."

Nikasema sijui. Nikasema hata mimi nimesikia. Wakaendelea kuimba, maana ukishaanza huwezi tu kukatiza, na katikati ya ubeti wa tatu Mama akaingia getini kutoka Muthurwa, gunia la sukuma wiki aliyobakiza likiwa kichwani. Mwanamke mmoja mgeni kanisani, hata hajui sura ya Mama, akamshika mkono, machozi tele.

"Beldina ametuacha, dada."

"Ameenda wapi?" Mama akauliza.

Wimbo ukafa. Millicent akapiga kelele, kisha akapata nguvu za kukasirika. "Kwa hiyo uko hai!" alisema, utadhani ni Mama aliyemkosea kwa kupumua.

Mama akatua gunia. Hakuuliza kulikoni; alitazama kanzu, akatazama bendera, akatazama lile dirisha. Sijawahi kumwona Mama akikasirika bila kupaza sauti. Afadhali apaze.

"Nani amepiga ngoma ya Mukhwana?"

Mwenye bendera akaishusha.

"Nimeuliza."

"Mimi nilisema," Millicent akaanza, "nilisema siku ile, ngoma ya Bwana na vyumba vya kulaza watu haviendi pamoja. Leo wageni, kesho sijui nini. Mchungaji, wewe ni shahidi."

"Millicent, nyamaza," Mchungaji akasema. Kisha akatugeukia sisi wawili. "Mnakumbuka nilichosema. Kama ni mgeni, mgeni aende na ngoma ibaki. Kama ni mtu wa hapa, nitaibeba mimi mwenyewe leo."

Mama akaniangalia. Na kana kwamba shetani ana ratiba, geti likalia, Ngigi huyo, mkoba begani.

"Ni yeye!" nikasema. Kidole changu kilikuwa juu kabla sijakituma. "Alirudi mchana, akapiga, akatoka tena. Nilimwona!"

Ngigi akasimama. "Mimi nimefanya nini?"

"Umepiga ngoma!"

"Ngoma gani?"

"Iliyo chumbani kwako," Mchungaji akasema.

"Chumbani kwangu hakuna ngoma. Kuna kitanda, kiti, na meza ndogo."

Mama akageuza shingo polepole. "Meza?"

"Ile ya kitambaa cha maua. Ninayowekea thamosi."

"Thamosi!" akina mama wa kanisa wakasema kwa pamoja. Nikapaza sauti, maana nafasi ilikuwa inaniponyoka. "Mnaona? Anakubali mwenyewe! Anaweka thamosi, anaikalia na makalio yake, nimemwonya kwa mdomo wangu! Huyu hana heshima, pazia la watu amelitoa, kila siku landilodi, landilodi! Aondoke!"

Ngigi sasa alikuwa amewiva kwa hasira. Lile tabasamu lilikuwa limekwisha kabisa. "Ulinionya nini? Ulisema ni meza! Mimi nimetoka asubuhi, nimekuwa nafungua mashine mpaka saa hizi, mkono huu hapa una grisi. Chumba nilifunga. Niambie, nani ana ufunguo mwingine?"

"Uliacha wazi!"

"Sijaacha wazi siku hata moja."

"Uliacha!"

"Mzee," Ngigi akamwambia Mchungaji, "mimi sina haja ya kukaa mahali naitwa mwongo. Napanga vitu vyangu. Lakini si mimi niliyepiga ngoma, na msiende kuomba kwa Mungu mkisema ni mimi."

Akaingia kupanga. Tukamsikia akifungua zipu ya begi kwa nguvu.

Mama alinisogelea. Alikuwa ananuka Muthurwa, kitunguu na vumbi, na kilemba kimeteleza. Akasema kwa sauti ndogo ambayo hata Millicent, aliyenyoosha shingo, hakuipata.

"Wesonga. Ile sheria ya kwanza uliiandika?"

"Niliiandika."

"Kabla ya viatu?"

"Kabla ya viatu, Mama. Labda aliibandua."

"Na ni yeye aliyepiga."

"Ni yeye."

Akaniangalia muda ambao sipendi kuukumbuka. Kisha akainua kichwa, akamwambia Mchungaji, waziwazi, mbele ya wote, "Mwanangu hanidanganyi kwa kitu cha baba yake. Ni mgeni. Ngoma inabaki."

Mchungaji akaitikia kwa kichwa. Millicent akakunja uso kama ndimu. Nikaanza hata kusikia njaa.

"Haiya."

Ilikuwa ni Shosh Waruguru. Alikuwa hajaondoka kwenye kigoda chake muda wote huo, maana maombolezo ya watu wengine hayazuii chapati kuungua. Sasa akasimama, mkono kiunoni, mwiko wa chapati unanielekea.

"Huyo kijana wa Karatina ni mkimya, ananunua chapati mbili kila asubuhi, anasema asante. Hamtamfukuza mimi nikiwa hapa."

"Shosh, wewe hujui mambo ya kanisa letu," nikasema haraka.

"Ya kanisa lenu sijui. Ya dirisha najua." Akaligeukia lile dirisha lisilo na pazia, akarudi kwangu. "Nilikuwa na chapati moja kwenye karai. Nikakuona umeingia na ufunguo. Nikakuona umejipulizia marashi, ukajisalimia kwa kioo. Nikasema, aa, kijana amepata msichana. Halafu nikakuona na brashi ya viatu. Weso, nimekuona ukiwa mdogo ukiiba sukari. Huwa unatoa ulimi vilevile."

"Shosh, macho yako, huo moshi—"

"Macho yangu mabaya, eh?" Akanyoosha mwiko chini. "Basi, Mama Weso, usiangalie na macho yangu. Angalia na yako. Mtoto wako amevaa viatu vya nani?"

Kanzu zote ziliinama pamoja. Ngigi alikuwa ametokea mlangoni na begi, naye akaangalia. Hata mimi niliangalia. Yalikuwa pale, ya kijivu, laini, kila moja na unyoya umesimama kwa upepo.

Mama peke yake hakuangalia. Alipita kati yangu na Ngigi, akaingia chumbani, na koridoni tukamsikia akishusha thamosi sakafuni, halafu akiivua ngoma kitambaa, Mchungaji aje kuibeba.